Mapazia Wakati Hakuna Anayehama

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mjukuu wangu Nyambura aliketi jikoni kwangu hapa Ruiru, akajimiminia chai, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Cucu, soko imelala. Hakuna kazi."

Nyambura huchora matangazo na nembo za biashara kwa kompyuta. Hana tajiri wala ofisi, hutafuta wateja mmoja mmoja. Nikamuuliza ametafuta wapi. Akainua simu. "Nimeweka kazi zangu hapa. Nangoja."

"Umengoja kwa muda gani?"

"Wiki tatu."

Wiki tatu! Niliweka kikombe mezani kwa nguvu hadi chai ikaruka. "Hata kuku akikaa wiki tatu, anakaa juu ya mayai," nikamwambia. "Wewe umekaa juu ya nini?"

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na mimi hasira ikinishika huwa siwezi kunyamaza. Kwa hivyo sikilizeni, Nyambura na wenzako wote mnaofanya kazi za kujitegemea na kulia kwamba soko limelala. Nitawaambia nilivyofanya, pamoja na upumbavu wangu, na upumbavu wenyewe ulikuwa mwingi.

Mimi nilikuwa fundi wa mapazia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianzia kiwanda cha nguo Thika, mpaka kiwanda kikapunguza watu nami nikawa kati ya waliopunguzwa. Baadaye nilijiajiri, nikawa na kibanda hapa Ruiru, cherehani moja nzito ya chuma, na kibao mlangoni kilichoandikwa MAPAZIA, basi. Hakuna aliyeniita majina ya kizungu mnayojiita ninyi. Niliitwa fundi, na nikichelewesha kazi siku mbili niliitwa mwizi.

Sasa, kila kazi ina mlango wake ambao wateja hupitia. Mtu hanunui pazia kwa sababu ana furaha. Hununua kwa sababu amehamia nyumba mpya, au ameoa, au mama mkwe anakuja. Miaka ile Ruiru ilipokuwa inajengwa kila upande, sikuwa na haja ya kumtafuta mtu. Watu walihama, madirisha yalikuwa uchi, wakanijia wenyewe. Nami nikajidanganya kwamba wananijia kwa sababu nashona vizuri.

Halafu ukaja mwaka ambao hakuna aliyehama.

Msiniulize ni kwa nini. Wenye magazeti walieleza, sikuelewa. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba ghorofa za Mugutha zilisimama nusu, vyuma vimechomoza juu kama nywele zisizochanwa, na katika moja ya ghorofa hizo mbuzi walihamia chini kabla ya mpangaji yeyote. Nao hawahitaji mapazia. Vibao vya nyumba za kupangisha vilikaa nje mpaka maandishi yakapauka.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya yale yale ninayomgombeza Nyambura. Nilikaa. Nilifagia kibanda. Nilipanga nyuzi kwa rangi, nikazipangua, nikazipanga kwa unene. Mtu akipita nilijifanya naongea na simu nisionekane mpweke. Miezi mitatu!

Mwanangu mkubwa, Kimani, anakaa Nakuru. Akaanza kupiga simu kila jioni. "Mathe, kwani unangoja nini? Funga hiyo kibanda ukuje tukae na wewe. Watoto wanahitaji mtu wa kuwaangalia."

Kimani ni mtoto mzuri, sitaki mmfikirie vibaya. Lakini chumba alichonitengea nilikijua. Kilikuwa kando ya jikoni, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Macho yalikuwa bado yangu, mikono ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa sijachoka na kazi. Kazi ndiyo ilikuwa imechoka na mimi. Na nilijua nikishaingia chumba kile, sitatoka tena nikiwa fundi. Nitakuwa nyanya wa kuchemsha maziwa.

Hata hivyo siku moja niliishiwa na maneno, nikamwambia sawa. Akasema atatuma pikapu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ije ibebe vitu vyangu. Cherehani ingebaki, kuna mtu wa Thika anayeshona viti vya magari aliyekuwa ameiomba. Nilipokata simu nikahesabu, zilibaki wiki nne. Nikajiambia, nitatafuta kazi kwa wiki nne kama mwendawazimu, nisipopata nitakwenda bila kinyongo.

Kabla sijawaambia niliyofanya, lazima niwaambie kuhusu Mama Wangeci, maana yeye ndiye aliyenifunza kutafuta watu, na nilikuwa nimesahau kila kitu.

Mama Wangeci alikuwa na kibanda sokoni Thika, mwanamke mfupi, mkali, pini mdomoni saa zote, hata alipokuwa anakugombeza. Nilipotoka kiwandani nilienda kujifunza kwake. Nilijua kushona mstari mnyoofu, na hapo ndipo ujuzi wangu ulipoishia. Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa nyumba ya pasta. Nikaenda na futi yangu, nikapima dirisha juu, chini, upana, nikaandika, nikarudi, nikashona. Nilipima vizuri kabisa. Ila sikupima reli. Reli ilikuwa imefungwa ukutani shubiri nzima juu ya dirisha, na mapazia tulipoyatundika yaliishia hewani, hayafiki hata chini ya dirisha lenyewe.

Mama Wangeci aliyatazama. Akatoa pini mdomoni. "Umelishonea dirisha kaptura," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akateremsha mapazia, tukarudi nayo kibandani, akakata kitambaa cha kahawia cheusi-cheusi, akayaungia mkanda mpana chini. Tulipoyarudisha akamwambia mke wa pasta, uso mkavu, "Hii ndiyo staili ya sasa." Kabla mwezi haujaisha, wanawake watatu wa kanisa hilo walikuja kutaka mapazia yenye mkanda.

Tangu siku hiyo mimi hupima kutoka kwa reli. Kitambaa nacho nahesabu upana wa reli mara mbili na nusu, ndipo mikunjo ikae vizuri. Mteja akikuambia mara moja na nusu inatosha, huyo anataka shuka, muuzie shuka.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa lingine. Kila tulipomaliza kutundika, Mama Wangeci alikuwa anafagia nyuzi zote, anaaga, halafu anakwenda kusimama nje barabarani, anatazama madirisha ya nyumba ile kwa nje. Anasimama tu, mikono kiunoni. Nikamuuliza tunangoja nini.

"Mwenye nyumba anaona pazia kwa ndani," akaniambia. "Jirani anaiona kwa nje. Sasa niambie, nani bado hajanunua?"

Na kweli, mara nyingi jirani alitoka. Ndiyo maana sijawahi kuweka kitambaa kibovu upande wa nyuma wa pazia. Upande wa nyuma ndio unaotazama mteja wako wa kesho.

Basi, wiki nne zangu. Wiki ya kwanza nilizunguka kwa wateja wa zamani. Nilikuwa nimeshona nyumba nyingi mtaa wa Membley, kwa watu wa kazi za ofisi, nikafikiri hao hawawezi kukosa kitu. Kwanza kufika mlangoni kwenyewe ni kazi. Askari wa geti ananiuliza, "Mama, unaenda kwa nani?" Ukisema naenda kwa kila mtu, huingii. Nikajifunza kutaja jina la mtu mmoja ambaye dirisha lake nalikumbuka.

Na mkishaingia, msifikiri ndio mmefika. Wa kwanza alinikaribisha vizuri, akanionyesha kwa simu picha ya nyumba ya Dubai, dirisha limeanzia sakafuni mpaka ghorofa ya pili, pazia linamwagika kama maporomoko. Anataka hilo. Dirisha lake lilikuwa kama sinia. Wa pili akasema, "Wacha niongee na mzee." Mzee alikuwa ameketi pale pale, anakula maembe. Wa tatu tunasali naye kanisa moja, akataka nimshonee sebule nzima kwa sababu Mungu atanibariki. Nikamwambia Mungu hubariki, lakini kitambaa hununuliwa. Amenuna mpaka leo. Wengine wote walisema neno moja, "Nitakupigia." Vijana, shikeni hili, litawapunguzia presha: "nitakupigia" ni hapana iliyovaa nguo za Jumapili. Ukiisikia, sema asante, nenda nyumba inayofuata. Usikae unatazama simu.

Mimi nilikaa nikatazama simu.

Wiki ya pili nikapata wazo la kadi. Nilikwenda kwa mtu wa kuchapisha pale Thika, nikamwandikia kwa karatasi jina, kazi na namba ya simu, nikaagiza kadi mia tano. Akanitolea moja niikague. Nikatazama picha ya pazia, nzuri. Nikasoma neno MAPAZIA, liko sawa. Nikasema chapisha. Nani husoma namba yake mwenyewe?

Nilizisambaza kama mbegu. Kwa vinyozi, kwa saluni, kwa duka la dawa, kwa wauza mbao na misumari, kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kwa askari wote wa mageti walionijua. Nilitembea Ruiru, nikatembea Mugutha, nikafika hadi Kamenu kule Thika, mpaka soli ya kiatu cha kushoto ikaachia. Halafu nikangoja. Simu kimya. Siku ya tatu, kimya. Siku ya tano nikaizima na kuiwasha nikifikiri imeharibika. Siku ya nane napita saluni moja hapa mjini, msusi akaniita kwa hasira.

"Fundi, mbona uliweka mzee kwa simu yako? Nilikutafutia mteja, mzee akatutukana!"

"Mzee gani?"

Akanionyesha kadi. Nikaisoma namba, tarakimu moja moja. Saba yangu ilikuwa imekuwa moja. Nilivyoiandika kwa ile karatasi, saba yangu na moja yangu ni mapacha. Kadi mia tano, soli ya kiatu, siku nane kati ya zile wiki nne, yote nimempa mtu mwingine.

Nikaipigia ile namba pale pale saluni. Ikaita mara moja.

"Kama ni mapazia," sauti ya mzee ikanguruma, "fundi alikufa!"

"Ngai! Alikufa lini?"

"Jana. Tumeshamzika. Usipige tena."

"Mzee," nikamwambia, "mimi ndiye huyo fundi."

Akasema, polepole, kama mtu aliyemngoja adui yake muda mrefu, "Ni wewe."

Alinipa dakika kumi za maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwishowe nikamwomba aniruhusu nije kumwomba msamaha ana kwa ana. Akasema yuko Kamenu, nije Alhamisi, na nisichelewe.

Alikuwa mwalimu mstaafu, jina lake Mwalimu Gathogo. Mjane, anaishi peke yake, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimpelekea mkate na sukari. Alivipokea, akaviweka kando, akaniwekea mbele karatasi na kalamu.

"Andika saba."

Nikaandika.

"Hiyo ni moja iliyochoka. Andika tena, weka mstari katikati. Mara kumi."

Mama wa miaka hamsini na saba, nimeketi kwa stuli ya mwalimu Kamenu, naandika saba mara kumi. Ya nane ilikuwa mbaya, akanirudisha. Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawaka, lakini kosa lilikuwa langu na nililijua.

Alipotosheka akaingia ndani, akatoka na daftari la shule. "Mwalimu haachi kuandika," akasema. Nikalifungua. Alikuwa ameandika kila mtu aliyepiga, jina, namba na mahali, kwa kalamu nyekundu, na kando ya kila jina maoni yake kama ya ripoti ya mwanafunzi. *Anataka bei tu. Hajui anachotaka. Ana heshima. Anatafuna akiongea.* Majina zaidi ya ishirini.

"Na hawa wote uliwaambia nilikufa?"

"Mwanzoni niliwaambia namba si yenyewe. Walikuwa wanapiga tena. Kifo kiliwanyamazisha."

Nikapitisha kidole chini ya majina mpaka nikafika kwa moja lililopigiwa mstari. *Sista Mueni, Mugutha. Amepiga mara tatu. Analia. Anasema hajalala.*

"Huyu je?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Huyo sikumwambia umekufa. Nilimwambia apige tena Ijumaa. Nilifikiri kufikia Ijumaa nitakuwa nimekupata."

Nilirudi Ruiru na daftari nikaanza kuwapigia. Sijui kama mmewahi kumpigia mtu simu ambaye ameambiwa mmekufa. Mmoja alipiga kelele akakata. Mmoja alianza kuniombea. Mmoja aliniambia ni aibu kuiba biashara ya marehemu, atanipeleka kwa chifu. Waliobaki, wengi walikuwa wameshapata fundi mwingine, au walitaka bei tu, kama mwalimu alivyoandika. Yule wa heshima alinipa kazi ya dirisha moja la choo.

Nilikuwa nimemwacha Sista Mueni mwisho, kwa sababu niliogopa. Mtu anayelilia pazia, nilijiambia, huyo ana shida kubwa kuliko kitambaa.

Na hapa ndipo nawaomba vijana mnisikize, hasa wewe Nyambura unayesoma huku unatazama simu. Muda wote huo nilikuwa natafuta watu wanaohama, kwa sababu ndio niliozoea. Hawakuwepo! Nilikuwa nagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Na nyuma yangu palikuwa na watu ambao hawajahama popote, wako pale pale walipo, na wana shida ambayo mimi peke yangu naijua dawa yake, na hawajui kwamba dawa hiyo inaitwa fundi wa mapazia. Mueni ndiye aliyenifungua macho. Baada yake nilishonea wauguzi wenzake, kisha watu wa mikate wanaoingia kazini usiku, kisha walinzi, kisha vijana wa hapa Ruiru wanaofanya kazi za kompyuta na watu wa ng'ambo wakati sisi tumelala. Mji huu umejaa watu wanaolala mchana, na kila mmoja ametundika blanketi dirishani kwa misumari na anafikiri hiyo ndiyo njia. Nilishona miaka mingine tisa, mpaka macho yenyewe yakaniomba niache. Mwalimu Gathogo naye alikataa kabisa nichapishe kadi nyingine. Alisema ameshazoea. Ukipiga ile namba asubuhi ulikuwa unasikia, "Mapazia, habari ya asubuhi," halafu anakusahihisha Kiswahili chako kabla hajachukua jina. Alipoaga dunia, watoto wake waliniambia madaftari yalikuwa yamefika sita.

Lakini nimeruka mbele. Wacha nirudi kwa Mueni, maana Jumamosi ya pikapu ilikuwa imekaribia.

Nilimpigia, nikaenda kupima Ijumaa jioni, kabla hajaingia zamu. Anakaa Mugutha, chumba kimoja, mlango unafunguka moja kwa moja nje, na dirisha limetazama mashariki. Mtu wa Yatta, huko mashariki ya Thika, mrefu, mpole, macho mekundu kama ya mtu anayepika kwa kuni mbichi. Dirishani alikuwa ametundika shuka mbili, blanketi, na juu yake kadibodi ya friji. Mwanga ulikuwa unapita pembeni kote.

"Mama, nikilala jua inaniingia mpaka kwa mfupa," akaniambia. "Nimekuwa zamu ya usiku miezi miwili sasa. Wiki jana nilichukua dawa nikampelekea mgonjwa. Nilikuwa nimeshainua kikombe. Nikasema wacha nisome jina tena. Haikuwa yake. Sijaambia mtu. Mama, nisipolala nitaua mtu."

Sikumwambia maneno ya kumfariji. Nilitoa futi. Mwanga ni kama maji, hauingii katikati, unaingia pembeni, kwa hivyo pazia la mtu wa kulala mchana lazima lipite dirisha shubiri moja kila upande, ligeuke likaguse ukuta, na juu ya reli uweke ubao ufunike ule upenyo ambao watu wote husahau. Nyuma unaweka kitambaa kizito cheusi, safu mbili. Kule kiwandani tuliwahi kushona cha namna hiyo cha ukumbi wa sinema, na nilikuwa na robota la kitambaa hicho chini ya meza tangu siku nilipopunguzwa, sijawahi kupata aliyekitaka. Nikaenda nikakikata jioni hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi Mueni alitoka zamu akanikuta mlangoni kwake na pazia begani, ubao kwapani. Tukaingia. Nikafunga mlango, nikapanda juu ya stuli, nikapigilia ubao, nikaingiza reli, nikalivuta pazia la kwanza. Chumba kikawa nusu giza. Nikalivuta la pili, na vitu vikapotea kimoja kimoja, sufuria, kalenda, viatu vyake vyeupe.

"Ngoja nikuwekee chai, Mama," Mueni akasema kutoka kitandani, alipokuwa ameketi kunitazama. "Sukari unaweka ngapi? Mimi huwa nawek—"

Nikangoja amalize. Hakumaliza. Nikasikia kitanda kikilia kidogo, halafu pumzi ndefu.

Nilibaki juu ya stuli na bisibisi mkononi. Nikateremka kwa miguu mitupu, nikaelekea mlangoni, na hapo nikakumbuka. Mlango ukifunguka, jua la saa tatu lote litamwangukia usoni. Nikarudi, nikapapasa mpaka nikapata ndoo, nikaigeuza, nikakaa.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Mara ya nne nikaiweka sikioni, nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Mathe, dereva amefika kwa kibanda, mlango imefungwa. Uko wapi?" Ni Kimani.

"Niko kazini."

"Mbona unaongea chini hivyo? Uko sawa?"

"Mteja amelala."

"Amelala?"

"Amelala, Kimani. Mwambie dereva arudi Nakuru. Na umpigie yule wa viti vya magari, umwambie cherehani bado inafanya kazi."

"Mathe—"

Nikazima simu. Nikakaa kwenye ndoo, nikatazama giza nililolishona, na kwa kuwa fundi hawezi kutazama kazi yake bila kutafuta kasoro, nikaipata. Chini, kona ya kushoto, kulikuwa na mwanga kidogo unaopenya, mdogo kama punje ya mchele. Nikachomoa sindano kwenye ukosi wa nguo yangu, nikatambaa mpaka pale kwa magoti, nikapashona kwa kupapasa, mshono mmoja, wa pili, wa tatu, na nilipokata uzi kwa meno, Mueni akaanza kukoroma.